Hilja na Mlango wa Benchi

Kila asubuhi Hilja Kortesniemi alifungua mlango wa nyuma wa jiko la shule kwa nyonga, kwa sababu mikono yake ilikuwa imebeba masufuria. Akishaingia hakuuachia ujifunge. Alisimama palepale, mgongo umeubana, akangoja wenzake wapite, hata kama anayekuja bado yuko mbali kwenye maegesho ya baiskeli anakwepa madimbwi ya theluji iliyoyeyuka. Wakishapita wote aliufunga kwa kisigino, akasukuma komeo, kisha akalijaribu kwa kidole gumba mara mbili. Mara mbili, siku zote. Wapishi wenzake walishazoea. Mgeni akiuliza walimwambia, "Mwache huyo. Ana mlango kichwani."

Mlango wenyewe ulikuwa wa benchi la timu ya taifa ya wanawake ya hoki ya barafuni. Kipa anayecheza ni mmoja. Wa pili huvaa kila kitu kama yeye, pedi za miguu nene kama magodoro, glovu, kofia ya kuziba uso, halafu anakwenda kukaa mwisho kabisa wa benchi, penye mlango mdogo wa ubao. Wachezaji wakichoka hurudi mbio juu ya barafu roho ikiwa kooni, naye huwafungulia waingie. Wanaokwenda kuchukua nafasi zao huruka ukingo wa mbao unaozunguka uwanja. Basi mlango unafunguka, unafungwa, unafunguka tena, mchezo mzima, kila baada ya pumzi chache. Hiyo ndiyo kazi, na hakuna anayeipigia makofi.

Hilja aliifanya tangu Inka Salovaara, kipa wa kwanza wa sasa, alipokuwa bado anafungwa kamba za viatu na baba yake. Mkono wa kushoto ulivuta komeo, wa kulia uligusa mgongo wa kila aliyeingia, pigo dogo tu la glovu, awe amefunga goli au ameharibu. Wasichana walimwita shangazi. Walisema kama Hilja hajakugusa, bado hujapumzika.

Ila kwenye mashindano ya dunia hakuwahi kusimama golini hata mara moja. Alisafiri na timu, akala hotelini nayo, akapiga picha nayo. Kucheza, hapana.

Mwaka ule mashindano yalikuja Kaislaranta, kwenye ukumbi uleule ambamo Hilja alijifunza kuteleza, na ambamo mama yake, Aili, anauza kahawa, soseji na mikate mitamu ya iliki kwenye kantini iliyo chini ya ngazi za jukwaa. Mji mzima ulijitolea. Watu walichukua likizo kazini ili wabebe mizigo ya Wajapani, wafagie majukwaa na wakaushe taulo. Oiva, dereva mstaafu wa basi, mtu asiye na mke wala mbwa ila ana kiti chake nyuma ya goli la kusini, alipewa fulana ya kuelekeza magari, akaikataa.

"Nikielekeza magari," alisema, "nani atazomea?"

Hilja alikuwa ameshatangaza kuwa haya ndiyo mashindano yake ya mwisho. Magoti yalikuwa yamemchoka kabla yake. Alitaka kitu kimoja, na alikitaja kwa mtu mmoja tu, tena akiwa amempa mgongo, anamenya viazi.

"Mechi moja, mama. Moja tu, hapa nyumbani."

"Si uwaambie?"

"Si kitu cha kuomba."

"Mh," Aili akasema. "Ndiyo maana umezeekea mlangoni."

Lakini kocha, Tarmo, alimwita pembeni mwenyewe, siku ya kwanza ya mazoezi.

"Mechi ya Wahangari ni yako, Hilja."

"Sawa," Hilja akajibu, kama mtu aliyeambiwa supu imeiva. Alipofika nyumbani alisimama uani muda mrefu, kofia mkononi, akitazama ziwa lililoanza kupasuka barafu. Ndipo akaingia kumwambia mama yake.

Aili alikuwa hajawahi kuketi jukwaani. Miaka yote anausikiliza mchezo kupitia dari la kantini. Miguu ya watu ikigonga mbao juu ya kichwa chake, anajua goli ni la nani. Siku ya Wahangari alivuta chini shata ya kufungia kantini, akavaa koti lake la kanisani, akapanda ngazi. Watu waliokosa kahawa walinung'unika kama waliofiwa.

Tatizo ni kwamba timu ilikuwa imefungwa na Waswisi kwenye mechi ya kwanza, na Tarmo alikuwa ameingiwa na hofu. Kipaza sauti kilipotaja kipa, kilimtaja Inka. Hilja hakugeuka kutazama jukwaa. Alikaa mahali pake, akashika komeo, akafungua, akafunga, akagusa migongo. Aili alikaa mpaka mwisho, mkoba umekaa juu ya magoti yake kama wa mtu anayesubiri hospitalini.

"Alisema ni yako," Aili alisema wakirudi nyumbani.

"Alisema."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamjibu sawa."

"Sawa! We ukichomwa moto utasema sawa."

"Mama, tumefungwa na Waswisi. Angefanyaje?"

"Angefanya alichosema." Aili akapiga teke bonge la theluji chafu kando ya njia. "Nimewaacha watu bila kahawa kwa ajili ya mwanamume yule."

Wahangari walifungwa, na wengine baada yao, mpaka nusu fainali. Pale wakakutana na Wamarekani, na yaliyotokea hakuna aliyetaka kuyasimulia. Inka alifungwa magoli yaliyomfanya hata Oiva aache kuzomea, na Oiva kuacha kuzomea ni jambo baya kuliko kufungwa kwenyewe.

Baada ya mechi wachezaji waliingia sauna ya ukumbi, chumba cha kuogea mvuke. Mmoja mmoja wakatoka, wakabaki Inka na Hilja kwenye benchi la juu, jasho linawatiririka.

"Unaburuta mguu wa kushoto," Hilja alisema.

Inka akachota maji, akamwagia mawe ya moto. Mvuke ukapanda ukawafunika.

"Umeona lini?"

"Siku ya Wahangari. Ukivuka kizingiti cha mlango sasa unatanguliza wa kulia. Zamani ulikuwa unatanguliza wowote."

"Na hukusema?"

"Ningesema, wangedhani nataka nafasi yako."

"Kwani huitaki?"

Hilja akajipangusa uso kwa kiganja. "Naitaka. Naitaka tangu hujaanza shule. Ila si kwa kukuchungulia miguu."

Inka akacheka, na kicheko hakikufika mbali kikageuka kuwa kitu kingine. Akainamisha kichwa. "Shangazi, nyonga inaniwaka. Nikipiga magoti, kuinuka ni shughuli. Daktari nimemficha."

"Basi kamwambie. Mimi siendi kusema."

 Inka akashuka, akajifunga taulo, akaenda kugonga mlango wa kocha vilevile, maji yanamdondoka sakafuni.

Ndivyo Hilja alivyopata mechi ya kugombea medali ya shaba dhidi ya Wacheki. Tarmo alipomwambia, hakumtazama usoni. "Kesho, Hilja."

"Sawa."

Safari hii hakumwambia mama yake. Hakutaka shata ifungwe bure mara ya pili.

Kwa hiyo kesho yake Aili alikuwa chini ya ngazi kama kawaida, anammiminia mteja kahawa, kipaza sauti kikaanza kutaja majina. "Golini, Hilja Kortesniemi." Mkono wa Aili uliendelea kumimina. Kikombe kikajaa, kikafurika, kahawa ikatambaa mezani mpaka kwenye mikate.

"Mama, imejaa," mteja akasema.

"Jihudumieni," Aili akasema, akaweka birika chini, akapanda ngazi na aproni yake, koleo la soseji likiwa bado mkononi. Hakwenda jukwaani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo nyuma ya goli la kusini, akasimama ubavuni mwa Oiva. Oiva akampisha. Alikuwa hajawahi kumpisha mtu.

"Haya, bawabu ameacha lindo!" Oiva alipaza sauti. "Milango iko wazi, ingieni!"

"Oiva, nina koleo mkononi."

Oiva akajisogeza kando kidogo.

Kule golini Hilja aligonga nguzo kwa fimbo, ya kushoto, ya kulia, akainama. Mtu aliyemwona jikoni anasukuma sufuria za supu ya njegere asingedhani ni yuleyule. Hakuwa na haraka. Wacheki walipiga chini, akaziba kwa pedi. Walipiga juu, akanyanyua glovu bila kukurupuka, kama mtu anayechukua kikombe rafuni. Kipindi cha kwanza kiliisha bila goli. Oiva alikuwa ameshasahau kuzomea, anasema tu, "Angalia! Angalia!" na Aili anamjibu, "Naangalia, mimi si kipofu."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyeliwaza. Kipa wa tatu alikuwa kitandani na homa, hivyo ilibidi Inka avae, akae mwisho wa benchi, ili timu iwe na kipa wa akiba kwa mujibu wa sheria. Na anayekaa mwisho wa benchi ndiye hushika mlango. Inka alikuwa hajawahi kuushika. Tangu utotoni alikuwa kipa wa kwanza kila alikokwenda, na milango alifunguliwa.

Kipindi cha pili, Kerttu, nahodha, alikuwa anarudi benchini amechoka. Inka alimwona, akavuta komeo, akafungua wazi. Wakati huohuo Mcheki mmoja alikuwa ametuma kisahani, kile kipande cha raba ngumu kinachochezewa, kwa nguvu kandokando ya ukingo. Beki wa timu ya Hilja alikingoja kimpite kama kinavyopita siku zote. Hakikupita. Kiligonga kona ya ubao pale mlango ulipoacha pengo, kikaruka mpaka katikati ya uwanja, miguuni mwa Mcheki mwingine aliyekuwa peke yake. Huyo akamjia Hilja bila mtu wa kumzuia. Hilja alitoka kumkabili, akanyoosha mguu, kisahani kikapita juu ya ncha ya kiatu chake kwa upana wa sarafu. Goli.

 Aili aliligeuza koleo mkononi, akalifungua, akalifunga.

Muda wa mapumziko, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Inka aliketi kwenye kona amefunika uso kwa taulo.  Tarmo aliingia na ubao wake wa kuchorea, akasema akiwa anatazama ukuta, "Mtunza vifaa atashika mlango. Inka akae katikati, asiguse kitu."

"Hapana," Hilja akasema.

Wote wakageuka. Kwa miaka yote hiyo walimjua kwa neno moja, na halikuwa hilo.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Atashika yeye." Hilja alivua kofia, nywele zimemganda kwenye paji la uso. "Hakuna aliyezaliwa anajua mlango. Mimi wiki yangu ya kwanza nilimbana Kerttu vidole."

Kerttu akainua mkono, akaonyesha kidole kilichopinda. "Hiki hapa. Mume wangu alinunua pete, haikuingia mpaka leo."

Mtu akacheka kwa pua. Hilja akasimama, akaenda mpaka kwenye mlango wa bafu, akaufungua na kuufunga kuujaribu.

"Inka, njoo hapa. Nyie wengine, pangeni mstari kule ukutani. Vaeni viatu vyenu vya barafu, mje mkikimbia."

"Shangazi, humu ndani?"

"Kuna mlango mwingine wapi? Njooni."

Basi wakapanga mstari, wasichana wazima wa timu ya taifa, wakaanza kukimbilia bafuni mmoja mmoja juu ya sakafu ya mpira, viatu vinawayumbisha. Hilja alisimama nyuma ya Inka, mkono begani kwake.

"Usitazame kisahani, kina watu wa kutosha wa kukitazama. Tazama magoti ya anayekuja. Mtu akichoka kweli hunyooka wima. Akiwa bado amekunja magoti anakudanganya, anataka kuzunguka tena. Huyo je?"

"Amechoka?"

"Huyo? Huyo anaigiza."

"Mimi nimechoka kweli!" msichana akalalamika.

"Kunjua magoti basi ndiyo useme!"

Wakaanza kucheka, kwanza wachache, halafu wote.

"Na kabla hujavuta komeo," Hilja akaendelea, "tupia jicho kushoto kandokando ya ukingo, kama unavuka barabara ya malori. Kitu kikija, usifungue. Mwache aliyechoka augonge ubao. Ataumia kidogo. Ukifungua tunaumia wote."

"Na mkono wa kulia?"

"Wa kulia ni wa mgongo. Usisahau mgongo."

Tarmo alikuwa amesimama na ubao wake. Akautazama, akauweka juu ya meza, akaenda kupanga mstari nyuma kabisa. Zamu yake ilipofika alikimbia na viatu vyake vya ngozi, Inka akatupa jicho kushoto, akafungua, akamgusa mgongo kwa nguvu iliyozidi kidogo. Kocha akaishia kwenye ndoo ya taulo. Kicheko kilichotoka chumbani kilisikika mpaka kwenye korido, na Wacheki waliokuwa wanapita walitazamana.

Wakati wengine wanatoka, Tarmo alimsogelea Hilja.

"Ile ya Wahangari..."

"Najua."

"Ilikuwa yako. Niliogopa."

"Tutazungumza siku nyingine," Hilja akasema, akavaa kofia. "Saa hizi nina kazi."

Kipindi cha tatu Kerttu alisawazisha, goli lisilo na uzuri wowote, alilisukuma kwenye msongamano akiwa amelala kifudifudi. Muda ukaisha wakiwa sawa, ikabidi waongezewe, na kwenye nyongeza anayefunga kwanza ndiye mshindi. Wachezaji huwa wachache hapo, uwanja unakuwa mkubwa, na miguu huisha upesi.

Wacheki wakaja wawili dhidi ya mmoja. Aliyekuwa na kisahani alijifanya anapiga, akampa mwenzake upande wa pili. Hilja alijitupa. Hakuna aliyeona vizuri kilichotokea, isipokuwa Aili, ambaye alikuwa ameubandika uso kwenye kioo. Kisahani kiligonga ncha ya pedi ya Hilja, ile pedi aliyoishona mwenyewe majira ya baridi kwa uzi wa nyavu, kikateleza mpaka kwenye ukingo na kuokotwa na Kerttu. Kerttu akakipeleka mbele hatua chache, akakiegesha ubaoni, akanyooka wima. Alikuwa amekwisha.

Inka akatupa jicho kushoto. Akavuta komeo. Kerttu akaanguka ndani, akaguswa mgongo kabla hajafika chini, na msichana mmoja kutoka kaskazini, mdogo kuliko wote, akawa ameshauruka ukingo. Alikikuta kisahani kinamngoja. Wacheki walikuwa bado wanageuka.

Hilja, kule mbali golini, hakuliona goli likiingia. Alikuwa anautazama mlango. Aliuona ukifunguka kwa wakati wake na kufungwa kwa wakati wake, akasikia ukumbi ukilipuka, akakaa chini kwenye barafu palepale.

Walivishwa medali. Watu walimwimba Hilja jina lake kwa namna ambayo watu wa Kaislaranta hawamwimbi mtu, na kesho yake wengi waliona haya. Oiva alikuwa analia wazi, anasema ni moshi wa soseji. Aili alisubiri karibu na kijia cha wachezaji mpaka binti yake alipopita, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Si mbaya," akasema.

Hilja akaitikia kwa kichwa. Kwao hakuna neno kubwa zaidi ya hilo, na wote wawili walijua.

Chumbani waliimba, wakamwagiana vinywaji, wakamwita kocha tena apite mlangoni. Hilja alioga, akavaa koti lake la jikoni. Viatu vyake vya barafu alivifuta vizuri, akavitundika kwenye ndoano. Pedi akaziegemeza chini yake. Hakumuaga mtu. Labda hakujua pa kuanzia.

Inka peke yake ndiye aliyemwona. Akainuka, mfuko wa barafu umefungwa kwenye nyonga, akamfuata akichechemea mpaka kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, akamtangulia. Akavuta komeo kwa mkono wa kushoto. Nje hewa ilinuka maji ya ziwa, na Aili alikuwa anangoja kando ya gari, amekumbatia birika lake.

"Hiyo nyonga uitibu," Hilja alisema.

"Sawa, shangazi."

Inka akamgusa mgongoni, pigo dogo tu. Hilja akavuka kizingiti, akaenda, hakugeuka. Inka aliushikilia mlango wazi kwa muda, baridi inaingia koridoni, labda Hilja amesahau kitu, labda angevikumbuka viatu vyake kwenye ndoano na kurudi. Gari likawaka, likaondoka, kona ikalimeza. Hakurudi.

Ndipo Inka akaufunga, akasukuma komeo, akalijaribu kwa kidole gumba. Mara mbili.